Kona ya Tatu

Kwanza nilipunguza upepo wa tairi,
nimechuchumaa, njiti ya kiberiti kwenye mdomo wa vali,
nikihesabu kwa Kisvani kama alivyohesabu baba,
mpaka mpira ukabonyea kama shavu la aliyevua meno.

Jokia alisimama pembeni na koleo.
Hatujasemezana tangu Septemba, tangu nilipouza ng'ombe wanne wa baba
bila kumuuliza, au baada ya kumuuliza asinijibu.
Inategemea unamuuliza nani.

Gari ni Delika la Kijapani, usukani kulia
katika nchi inayopita kulia,
kwa hiyo korongo nalitazama mimi,
yeye anatazama mwamba.
Nyuma yetu magunia mawili ya unga, betri,
na dawa za moyo za mama, ndani ya soksi zisigande.

Kona ya kwanza tuliipita kwa mwendo.
Baada ya ya pili theluji ikafika kwenye bampa.
Gurudumu la nyuma, la kushoto, likakosa pa kukanyaga,
na difu, kwa huruma yake ya kipumbavu,
ikalimiminia hilo hilo nguvu zote.
Likazunguka, likapiga kelele, likarusha vumbi jeupe,
na mwenzake, mwenye ardhi imara chini yake,
akasimama tuli kama mgeni asiyekaribishwa.

Nimewahi kuona nyumba inayoendeshwa hivyo.

Nikafunga ya kati. Nikabonyeza swichi, nikafunga ya nyuma.
Taa ya rangi ya chungwa ikapepesa, ikapepesa, ikatulia.
Ndani ya ekseli chuma kikaumana: ko.
Sasa anayeteleza anaburutwa na anayeshika.
Gia nzito, ya kwanza, mguu kama unanyata kando ya mtoto aliyelala,
na Delika likapanda, likitafuna theluji
kama maksai anayejua njia ya zizini.

Jokia akagonga dashibodi kwa kidole, mara moja.
Kwake hiyo ni hotuba.

Umoja ni nguvu, watu husema.
Hawasemi kwamba umoja haukati kona.

Maana ya tatu ilikuja imejipinda kama ndoana,
nikazungusha usukani kushoto, wote, mpaka mwisho,
na pua ikaendelea mbele.
Magurudumu ya mbele yalitazama kushoto;
ya nyuma, pingu moja, yakayasukuma moja kwa moja,
yote mawili yakidai umbali ule ule
pale ambapo wa nje hana budi kutembea zaidi ya wa ndani.
Nikauona Enguri dirishani kwangu,
mweusi, mwembamba, kama kamba ya kiatu.

"Fungua."
Neno lake la kwanza tangu Septemba.

Breki sikuigusa. Baba alitufundisha sote wawili,
siku mbalimbali, somo lile lile.
Nikaachia mafuta, nikabonyeza swichi.
Taa ikagoma kuzimika:
chuma kilichokazana hakiachi kwa amri.
"Rudi nyuma kidogo."
Nikarudi, shubiri moja, ya pili.
Ekseli ikashusha pumzi. Giza kwenye dashibodi.
Kila gurudumu likashika hatua yake,
na gari, polepole, likageuka.

Alishuka kufukua mbele yetu, akapanda tena
na theluji kwenye nyusi.
"Waliuzwa bei gani?"
Nikamwambia.
"Rahisi mno," akasema, akapangusa kioo chake kwa kiwiko.

Zilibaki kona tisa.
Nikaacha kidole juu ya swichi.