Kadi Juu ya Sufu

Guntars amechapisha kadi elfu tano.
Zimeletwa kutoka Riga Jumatatu, maboksi mawili,
bado zinanuka wino.
Upande mmoja kondoo anacheka.
(Nimewanyoa kondoo wa Cesis miaka kumi na moja,
sijaona hata mmoja aliyecheka.)
Upande wa pili: Asante! Rudi tena!
Punguzo asilimia kumi na tano. Neno la siri: RUDI15.

"Velta," aniambia, "mteja wa kwanza tunamnunua,
wa pili anajileta.
Weka kadi juu ya sufu, siyo chini.
Aione kabla hajaiona risiti."
Nikamjibu kwamba chema chajiuza.
"Chajiuza," akasema, "sokoni, watu wakipita.
Hapa nani anapita, Velta? Theluji?"

Nikanyamaza. Alikuwa na haki yake.
Dirishani palipita theluji, na gari la posta.

Basi nikatia.
Madonge manne ya kijivu, kadi, karatasi laini, tepu.
Madonge mawili ya kijani cha moss, kadi, tepu.
Mzee wa Ludza anayefuma kofia za wajukuu
na kila mara hukosea msimbo wa posta:
kadi, na msimbo nikamrekebishia.
Kila jioni Guntars alihesabu waliorudi na lile neno:
saba, kumi na mmoja, ishirini na tatu,
akaandika kwa chaki mlangoni
kama mtoto anayepimwa kimo.

Mwezi Machi ikaja bahasha nono kutoka Ventspils.
Nikadhani ni malalamiko ya nondo.
Ndani, kondoo kumi na tisa wanacheka,
wamefungwa pamoja kwa uzi wa buluu,
na karatasi yenye mwandiko wa mwalimu mstaafu:

"Mmeniambia nirudi mara kumi na tisa.
Mimi sijaondoka.
Lakini ile buluu ya ukungu, nambari arobaini,
mmeipeleka wapi?
Nina soksi moja. Mume wangu ana miguu miwili.
Milda Ozola."

Guntars alicheka, kisha hakucheka.
Nambari arobaini aliifuta yeye mwenyewe mwaka juzi:
rangi ghali, wanunuzi wachache,
kwenye hesabu zake ulikuwa mstari mfupi.
Mstari haukusema chochote kuhusu miguu.

Nilipekua rafu ya juu, nikapekua ya chini,
nikahamisha magunia, nikapiga chafya,
nikakuta panya mmoja aliyekauka, tukasameheana.
Halafu nikakumbuka mto wa pini zangu.
Miaka miwili nimekuwa nikiuchoma sindano
bila kuuangalia:
donge zima la buluu ya ukungu, nambari arobaini,
limejaa matundu ambayo sufu haiyaoni.

Nikalichomoa pini thelathini na moja.
Nikalifunga kwa karatasi laini.
Mkono ukaenda kwenye kadi wenyewe, kwa mazoea,
nikaurudisha.
Kwenye kipande cha boksi nikaandika kwa penseli:
"Hili ndilo la mwisho. Kaza mishono kisiginoni."
Bei sikuandika. Nauli ya posta nilitoa mfukoni,
na Guntars, aliyekuwa ameona,
akajifanya anatafuta miwani iliyokuwa puani.

Wiki tatu kimya.
Theluji ikageuka tope, tope likaingia mlangoni
likafuta zile namba za chaki kwa chini.

Jana limeingia agizo: Ventspils, Ozola,
madonge sita ya kijivu, manne ya kijani,
na kwenye maelezo, "Miguu yote miwili inawashukuru."
Chini kabisa, kwa herufi kubwa: RUDI15.

Neno lenyewe muda wake uliisha Januari.
Kadi zote alizirudisha; hili amelihifadhi kichwani.

"Tumkubalie?" Guntars akauliza, kalamu sikioni.
Sikumjibu.
Tepu ilikuwa katikati ya meno yangu,
na boksi lilikwisha fungwa.