Kona Opok

Mkitaka kujua kwa nini barabara yetu kuu imepinda
pale mbele ya chumba cha cherehani,
msimwulize injinia. Atasema mwinuko, atasema maji ya mvua.
Niulizeni mimi, Fadulmula, fundi matofali.
Nilikuwepo siku kamba ilipovutwa ikakataa kunyooka.

Kabla ya mji palikuwa na kambi.
Kabla ya kambi, mti wa opok, njia mbili zinapokutana,
shamba la ufuta la ukoo wa Oyat, kichuguu, basi.
Vita viliwafagia watu vijijini
vikawarundika hapa, paa likigusa paa;
ukikohoa, jirani anakupa pole bila kutoka kitandani.
Moto wa Januari uliruka vibanda mia mbili
kabla mtu hajamaliza kupiga yowe.
Milango waliifua kwa makopo ya mafuta ya msaada,
kila mlango umeandikwa kwamba hauuzwi.

Kisha bunduki zikanyamaza. Si kwa siku moja:
zilikatika kama mvua, tone, kimya, tone.
Wenye kwao wakarudi kwao.
Wakabaki wajane, wadaiwa,
vijana waliozaliwa kwenye foleni ya mahindi
wasiojua jembe linashikwa upande gani,
na wafu.

Mimi nilishuka kwenye lori kutoka Bombo
na kalibu yangu ya mbao begani.
Nikasema, "Habari za asubuhi."
Soko zima likanyamaza.
Mama mmoja akaketi chini, mikono kichwani.
Kiswahili hapa kilikuwa sauti ya kizuizi cha barabarani:
simama, toa kitambulisho, lala chini.
Miezi mitatu nilifyatua matofali
nikitaja bei kwa vidole, kama bubu.

Wa kwanza kunijia alikuwa Aciro,
anataka chumba kimoja, cherehani iingie na mlango ufungwe.
Alijua amri zile tatu tu.
Nikamwongezea: tofali, udongo, bei.
Neno la nne alijitafutia mwenyewe:
punguza.

Mwaka uliofuata akaja mpima ardhi na vigingi vyekundu.
Mitaa ikafuata vichochoro vya kambi,
maana miguu ilikwishazoea.
Bloku A ikawa soko.
Bloku D, ile iliyoungua, ikawa kituo cha malori.
Nayo kamba kuu ikapita juu ya tuta dogo
ubavuni mwa chumba cha cherehani.

Wengine walikuwa wamefukua mifupa yao,
wakaipeleka nyumbani pamoja na mbuzi wa tambiko.
Aciro hakuwa na mbuzi, wala nyumbani.
Alikuwa na Lamwaka, miaka mitatu, surua.
Akatoka na futi yake ya kushonea shingoni,
akakanyaga kamba,
akamwambia mpima ardhi, kwa lugha yangu:
"Simama."

Na yule bwana, msomi, mwenye kofia ya serikali,
alisimama. Hata kalamu ilisimama.
Mwili wake ulilijua neno hilo tangu utotoni.
Akang'oa kigingi, akasogea hatua saba,
hakuandika sababu.

Kwa hiyo jina la Kona lilitangulia;
kona yenyewe tuliijenga baadaye.
Sasa tuna tangi la maji, wakala wa benki,
na diwani anayeahidi lami kila uchaguzi.
Madereva wa malori ya Juba wakifika pale
hupunguza mwendo, wakimlaani aliyeichora.
Hawajui wanampisha mtoto.