Mnong'onezaji

Saa moja asubuhi, Januari, ukungu wa Kolkata
umekaa juu ya reli za tramu kama mgeni asiyejua kuaga.
Tuko kumi na mmoja, na mbwa mmoja ambaye hakulipa,
kofia za sufu zimetuziba masikio,
chai mikononi katika vikombe vya udongo.
Bwana Haradhan Pakrashi anatuhesabu kwa ncha ya mwavuli,
anatuhesabu tena, mbwa anaingia hesabuni.

"Hapa," anasema, mbele ya duka la sari,
"hapa malkia alikufa mara mia nne na kumi,
Jumamosi mara mbili,
na kila akifufuka alidai samaki wake wa kukaanga."
Muuza sari anainua nusu ya mlango wa chuma:
karibuni, ndani kuna punguzo.
Haingii mtu ila kiongozi wetu,
anahesabu hatua kwa sauti, ishirini na sita,
anasimama penye meza ya kulipia.
"Chini hapa palikuwa na shimo. Shimoni, kiti.
Kitini, mimi."

Basi hakuwa mwigizaji, huyu tuliyempa rupia mia mbili mbili!
Alikuwa mnong'onezaji:
mtu wa kushika kitabu gizani, na taa yenye ukubwa wa ndimu,
kumrushia aliyesahau neno lake
kabla ukumbi haujajua kwamba lilianguka.
"Miaka thelathini na mmoja," anasema,
"na hakuna aliyekata tiketi aliyewahi kunisikia.
Siku wakikusikia, kazi huna."

Tunakwenda. Jumba la pili liliungua;
limebaki maegesho ya magari, na harufu
ambayo yeye peke yake anainusa.
La tatu ni ukumbi wa harusi.
La nne sikulisikia vizuri, tramu ilipita.
Nilizaliwa mitaa miwili kutoka hapa.
Bibi yangu akifika kona hii alivuka barabara,
asikanyage kivuli cha mlango walimopita waigizaji wa kike,
nami, mhasibu wa kampuni ya mabomba,
nimerithi kuvuka bila kurithi sababu.

Nyuma yetu Bibi Labonyo analalamika.
Goti. Vumbi. Bei.
Chai, anasema, ni maji yaliyooshewa birika.

Jumba la mwisho bado limesimama,
kufuli kubwa kuliko ngumi, tangazo la mnada limebanduka nusu.
Bwana Haradhan anakunja mwavuli, anavua kofia,
anatusogeza: hapa ni jukwaa, pale penye mfereji ni mto,
na anaanza maneno ya usiku wa mwisho,
ya mama aliyeuza njuga za binti yake:

"Zilipolia nilijua uko wapi.
Sasa nyumba ni kimya, na kimya hakina —"

Hakina, anarudia. Hakina.
Riksha inapiga honi. Tunatazama viatu vyetu.
Mtu aliyekumbuka kwa niaba ya kila mtu
amesimama barabarani, kinywa wazi,
na ndani ya kinywa baridi tu.

Ndipo inakuja, si sauti, ni pumzi yenye herufi,
kutoka nyuma, penye goti na vumbi na bei:
"Mlango. Kimya hakina mlango wa kubisha."

Hageuki. Analipokea neno kama anayepokea sinia,
anaendelea hadi mwisho, hadi pale pa kuinama,
nasi tunapiga makofi, wengine vikombe bado mkononi.
Bibi Labonyo anatazama kwingine.
Anafunga upya shali yake,
vidole viwili vimeshika pindo
kwa namna ambayo mtu hafundishwi jikoni.

Nilikuwa na swali, nimekwisha kulipiga pasi.
Lakini amenitangulia kwa Bwana Haradhan, kiganja wazi:
alitoa mia tano, anataka chenji yake.
Wanahesabu pamoja, noti kwa noti,
vichwa vimekaribiana, kwa sauti ya chini kabisa.
Sisi tuliokata tiketi
hatusikii kitu.