Mai na Maji

Langoni, duka la miwani. Bi Suwen
anakariri Kikorea; mwanawe kaposa Busan.
"Maneno haya nayajua," asema, "yamebadili kilemba tu."
Mlima kwao shan, kule san.
Tatu kwao san, kule sam.
Juzi kwa simu kaahidi wageni watatu,
mkwe akasikia milima.

Nikacheka, nikajikumbuka
darasa la pili, nikimwomba mwalimu wa bara mai.
"Maji!"
Basi nikaipata ndia:
yana ni jana, moya ni moja, yuu ni juu,
kila ya nikaifanya ja,
nikashika namba moja
hadi nilipoandika jina la baba:
Jusufu.

Bi Suwen hakucheka.
Alilinakili daftarini, chini ya milima.