Sahihi ya Mzazi

Fomu imelala mezani, kando ya chupa ya siki.
Jumanne, Hull, mvua ya kutoka ubavuni.
Asukulu ana miaka kumi na sita na miezi miwili.
Mama, anasema, ni hapa tu, penye mstari.

Afisa alifika shuleni kwao na ukuta wa kukwea
uliobebwa juu ya lori. Akawaita watoto mabingwa,
akawagawia kalamu.
Ndiyo hii. Inaandika vizuri.

Sitasema uongo, si sawasawa.
Hawa wanapiga hodi. Hawa wana mshahara,
daktari wa meno, leseni ya gari,
na aya isemayo hatapelekwa vitani
mpaka atimize kumi na minane.
Nimeisoma mara mbili, kidole kikifuata herufi.
Mara ya pili kidole kiligoma penye *mpaka*.

Kule Fizi hawakuleta karatasi.
Walisimamisha bunduki wima ardhini:
aliyeipita kwa kichwa
alikuwa mtu mzima.
Mdogo wangu Mmunga nilimfundisha
kukunja magoti ndani ya suruali ya baba,
apungue. Akapungua.
Wakarudi, akapungua tena.
Mara ya tatu alisimama wima.
Alikuwa amechoka kuwa mfupi.

Asukulu anajua ana mjomba.
Hajui kwamba mjomba
ana miaka kumi na miwili mpaka leo.

Kwenye fremu ya mlango wa jikoni
kuna mistari ya penseli, mmoja kila mwaka
tangu tupewe nyumba hii.
Mwenye nyumba amekataza kuchora. Ajue mwenyewe.
Simama hapo, nikamwambia. Vua viatu.
Mama, mimi si mtoto.
Vua viatu.

Nikapanda kiti, maana amenipita tangu Pasaka,
nikaweka kitabu juu ya nywele zake
zinazonukia mafuta ya chipsi za kazini,
nikachora kwa kalamu ya afisa.
Wino mweusi. Hautafutika kama penseli.

Akageuka kuutazama. Akatabasamu, mjinga wangu,
akajipima kwa kiganja.

Fomu bado iko mezani. Siki imeilowesha pembeni.
Sijatia sahihi. Sijaichana.
Nimezima jiko, nimevuta kiti cha pili.
Keti, Asukulu.
Mjomba wako
alikuwa hodari wa kukunja magoti.