Paa Lina Herufi Mbili

Usimpe jina la herufi, mwalimu wake alisema.
Jina halisomi. Mpe sauti.
Basi kila jioni, Non akishaondoka na baiskeli
kwenda kukesha na wazee wa Bryn Haul,
mimi na Lleucu tunakaa jikoni,
kati yetu kigae kimoja cha jiwe la kijivu
(kilimeguka pembe nikiezeka kanisa, nikakitia mkobani)
na kipande cha chaki.

T. Ncha ya ulimi, kama bomba linalovuja.
T. T.
O. Mdomo wa mtu aliyetajiwa bei.
Sasa ziburute zigusane.
T… o. To.
"Paa!" akapiga kelele, akatazama juu
kuhakikisha lipo.
Lilikuwepo. Mvua ya Blaenau ilikuwa ikilijaribu,
kama inavyojaribu kila kitu hapa.

Miaka kumi na tisa juu ya ngazi,
na kazi yangu yote ina herufi mbili.

Ya jina lake ndiyo ngumu:
l mbili zilizosimama kama ngazi isiyo na vidato.
Weka ulimi penye l, lakini usiimbe. Puliza,
hewa ipite ubavuni, kama bata bukini aliyechokozwa.
Tulizomeana mpaka mate yakalowesha chaki.
Tena jino lake la mbele limeng'oka juzi
na th inatoka na mluzi.
Cath, anasoma, cath,
na paka mwenyewe anageuza sikio moja.

Akilala, nafungua ukurasa wa kesho.
Naweka kidole. Nanong'ona.
D mbili ni dh. F moja ni v.
W ni u tu, imevaa koti.
Namtangulia mwanangu kwa ukurasa mmoja,
mshika tochi anayeogopa giza
kuliko anayemwongoza.

Shuleni nilikaa nyuma, karibu na kipasha joto,
herufi zikiruka mistari kama kondoo wenye ukuta mbovu.
Nilichofuzu ni kujitia hamnazo:
nimesahau miwani, mikono ina lami,
nisomee wewe, mpenzi, una sauti nzuri.
Mtu anaweza kuoa hivyo. Anaweza kulipa kodi hivyo.

Alhamisi, Lleucu alisimama mbele ya friji.
Karatasi ya mama yake, kama siku zote:
mkate umechorwa, chupa ya maziwa imechorwa,
pipa la taka lina miguu na kofia.
Nimezipenda picha hizo tangu tulipooana.
Nilidhani Non ana mkono wa uchoraji.

"B… a… r… a. Bara. Mkate."
Kidole kikateremka.
"Ll… llaeth. Maziwa!"
Kisha akageuka.
"Dadi, kama imeandikwa,
Mam anachora ya nini?"

Friji ikanguruma. Ikanyamaza.
Miaka minane.
Lile pipa lenye kofia.
Nikamwambia ngoja, maji yamechemka,
na birika halikuwa hata mekoni.

Usiku ule sikugusa ukurasa wa kesho.
Nilichukua penseli ya mtoto, ile nene ya pembe tatu,
nikaandika maneno manne,
nikitamka kila sauti kabla haijatua,
kumwarifu Non kwamba bomba la bafuni
nimeliziba.
Mkono ulitaka kuchora bomba.
Nikaukalia.

Asubuhi alikuwa amelala, viatu vyake
vimelowa mlangoni, kimoja juu ya kingine.
Karatasi ipo palepale chini ya sumaku,
na kwa kalamu ya buluu, ile anayojazia chati za dawa,
amerekebisha herufi moja.

Moja tu.
Hakuchora kitu.