Chupa ya Aminieli

Miaka kumi na miwili chupa ile ililala
uvunguni mwa kitanda, ndani ya soksi ya sufu,
jirani na jembe na redio isiyo na betri.
Aliinunua Dodoma, mshahara wa kwanza,
akasema, hii ni ya siku yenyewe.
Tukamwuliza siku gani. Akasema, mtaijua.

Siku zikaja, na kila moja ikapungukiwa kitu.
Ndoa ya Kandida: alileta kreti la soda.
Ubatizo wa mapacha wangu: mkungu wa ndizi.
Aikaeli aliporudi na digrii na shati la kukopa,
Aminieli alichungulia uvunguni, akakuna kidevu,
akasema, bado.
Kisha Aikaeli akatutoka, Machi, katikati ya masika,
na siku ile hakuna aliyeitaja chupa.

Leo hakuna sherehe, niseme ukweli.
Ni Jumapili tu ya Julai, hapa Rau,
kila mtu ametoka kanisani kwake,
mlima umejifunika blanketi, hautaki wageni.
Kandida amemenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu,
machalari yanatokota, sufuria inanong'ona.
Ndekirwa anageuza mguu wa mbuzi, anautukana moshi.
Mimi nakata vitunguu, nalia,
navisingizia vitunguu.

Ndipo Aminieli akatoka ndani, soksi mkononi.

Kizibuo hatuna. Nani Rau ana kizibuo?
Tukamtuma mtoto kwa fundi pikipiki;
akarudi na parafujo ndefu, na koleo,
na fundi mwenyewe nyuma yake, keshanawa.
Kizibo kikakatika. Nusu mkononi, nusu ikazama.
Tukaichuja kwa kichujio cha chai.

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza.
Ndivyo kata ya mbege inavyozunguka:
mdomo wa mwenyeji, kisha wa mgeni,
ili mgeni ajue hakualikwa kufa.
Aminieli akainua kikombe cha plastiki,
akameza.
Jicho moja likafumba lenyewe.
"Nzuri," akasema.

Ndekirwa akapokea, akameza, akakohoa kwa heshima.
"Nzuri," akasema, machozi yakimlengalenga.
Kandida alinusa tu.
"Jamani, hii ni siki."

Tukacheka mpaka kuku wakahama uani.
Aminieli alicheka kuliko sote, akakawia kunyamaza,
na aliponyamaza alikuwa anatazama
kigoda kile, karibu na mlango.
"Ningeifungua siku ya shati la kukopa."
Hatukumjibu. Ungemjibu nini?

Kandida akainuka, akaitwaa chupa,
akaimimina yote kwenye sinia langu la kachumbari,
juu ya nyanya, pilipili, vitunguu nilivyolilia,
akavuruga kwa mkono mzima, bangili na yote.
"Kuleni," akasema. "Siku yenyewe imeiva ikapitiliza."

Na nyama ile, wenzangu!
Uchachu ukashika ufizi, mafuta yakanywea,
tukalamba vidole kama watoto wa jirani.
Fundi aliongezewa machalari mara tatu
na hakuna aliyejua jina lake mpaka sahani ya pili.
(Ni Ndelilio. Ana deni la bomba la mvuke, sijui la nini,
alitusimulia lote.)

Mbege ikatolewa, ya juzi, povu bado linasema.
Hiyo haijui kungojewa.
Ukiiwekea siku, yenyewe inakukimbia.
Aminieli akaonja kwanza,
na safari hii hakuwa na haja ya kudanganya.

Kata ilipofika penye kigoda
Ndekirwa akamwaga kidogo chini, hakusema kitu,
akaipitisha kwa fundi.

Soksi nimeifua, iko kambani.
Moja tu, haina mwenzake.
Kandida anasema ataivaa hivyohivyo, baridi hii
haihesabu miguu.